Bei ya umeme na mafuta zamani na sasa: mimi napima kwa kilo za korosho

Wakuu, mleta mada kauliza mbona zamani mafuta ya taa na umeme vilikuwa bei chee na sasa hivi kila kitu kiko juu, au ndo sisi wa Kusini tunaonewa. Naona wengi mmejibu kwa kulaani tu. Ngoja niseme nilichokiona mwenyewe, maana mimi nimekulia dukani kwa mjomba, Nanguruwe, huku Mtwara.

1994 nilikuwa darasa la nne, kazi yangu jioni ni kupima mafuta ya taa. Kuna pipa, kuna mpira wa kunyonyea (ukizembea unayameza, nimeyameza sana), kipimo ni chupa ya soda, na foleni ni ya watoto wenzangu waliotumwa na koroboi zao mkononi. Bei tulikuwa tunaandika kwa chaki mlangoni. Siku moja nikajifanya fundi nikaokota rangi nyekundu iliyobaki kwenye kupaka dirisha nikaiandika bei vizuuri, mjomba alivyoiona akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia "mjomba, hiyo wiki ijayo utaikwangua na kisu." Na kweli niliikwangua. Mwaka ule mfumuko wa bei ulipita asilimia 30, yani hela uliyoiweka chini ya godoro msimu wa korosho ukija kuitoa msimu mwingine imeshaliwa karibu robo bila mwizi kuingia ndani.

Sasa hiyo ndo zamani mnayoiita chee. Namba ilikuwa ndogo, sikatai, ila nyumbani tulikuwa na koroboi moja, mkimaliza kula inazimwa, hadithi mnapigiana gizani. Kingekuwa chee tungezima? Na hapo sijasema masika, Rufiji ikifurika kivuko cha Ndundu hakivuki, magari ya mafuta yanakaa huko siku kibao, huku pipa linakauka na bei inajipandia yenyewe bila kumsubiri mtu wa takwimu. Daraja la Mkapa limekuja 2003 ndo tukaanza kupumua.

Kwa hiyo mimi siangaliagi namba, nauliza kilo moja ya korosho inanunua nini. Angalia, msimu wa 2017 kilo ilifika kwenye 4,000 mnadani, petroli ilikuwa inacheza kwenye 2,000, kwa hiyo kilo moja karibu lita mbili, watu walinunua bodaboda mwaka ule kama wananunua njugu. Agosti 2022 petroli Dar ikagonga 3,410, hiyo ni pamoja na serikali kuweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi, halafu msimu ulivyofunguliwa korosho iko kwenye 2,000 hivi, kilo nzima hainunui lita. Msimu wa 2024 minada ya kwanza ikapita 4,000 tena na petroli iko kama 3,000, tukarudi kwenye lita moja na kitu. Takwimu za mfumuko miaka yote hiyo zinakwambia asilimia 3 mpaka 5 tu, tulivu kabisa, na hazidanganyi, ila zinapima kapu la manunuzi la nchi nzima na mimi kapu langu lina korosho.

Aliyesema Marekani walikuwa wanajaza mafuta kwa dola moja na ushee, mkuu, hiyo ni 1981, na dola ya 1981 ukiibadilisha kwa hela ya 2022 unapata zaidi ya dola nne kwa galoni, na wakati ule walilalamika kama sisi tu. Kwao kipindi chee kweli kilikuwa 1998.

Mafuta ya taa yenyewe hayakuuliwa na mfumuko. 2011 uchakachuaji ulizidi, watu wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo, ikabidi kodi ipandishwe kutoka shilingi 52 mpaka 400 na senti kwa lita. Mchakachuaji kakomeshwa sawa, lakini na yule bibi wa koroboi kakomeshwa naye. Baada ya hapo mjomba aliliuza pipa, akaanza kuuza tochi za Kichina.

Sasa umeme, hapa najua nitatukanwa. Umeme umeshuka. Bei ya mtumiaji wa kawaida imekaa kwenye 292 kwa uniti tangu Aprili 2016, weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (wadhibiti wa nishati) asilimia 1, unapata ile 356 mnayoijua wote. Tangu hapo mpaka 2024 vitu vingine kwa ujumla vimepanda zaidi ya asilimia 30, umeme umesimama palepale, yani 356 ya 2024 ni kama 270 ya wakati ule. Mbona tunaumia basi? Mimi nilikuwa tarifa ndogo, ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti 75 nazipata kwa 9,150. Mama watoto akaleta friji auze barafu na ubuyu wa maji, uniti zikavuka 75, nikahamishwa kwenye 356, hela ileile ikawa inanipa uniti 25 na nukta. Bei haikupanda hata senti, nimepanda mimi. Halafu kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo kwenye LUKU, yani umeme wa kulipia kabla, 1,500 kila mwezi, mtu ananunua umeme wa 10,000 anapata uniti 23 anasema umeme umepanda.

Gesi ndo inachanganya watu zaidi huku kwetu. Jirani kila akinunua mtungi anasema gesi inachimbwa Msimbati hapo, bomba limeenda mpaka Dar tangu 2015, tuliandamana kwa ajili yake, mbona mtungi uko juu? Mzee wangu, ya Msimbati na Songo Songo ni gesi asilia, inaenda kwenye mitambo ya umeme na viwanda, na kwenye nyumba chache zilizowekewa bomba. Ya mtungi ni nyingine kabisa, inakuja na meli, inanunuliwa kwa dola, shilingi ikiyumba mtungi nao unayumba.

Kilichopanda kweli kuuzidi mfumuko ni mkaa. Hapa Chikongola, Mtwara mjini, 2012 kisado (kile kindoo kidogo cha kupimia) nilikuwa nachukua 700, leo 2,000 na juu wamepanga vipande vikubwa chini ni chenga tupu. Hela imeshuka thamani kama nusu tangu wakati ule, ila mkaa umeenda karibu mara tatu, na hapo hamna dola wala meli, ni miti tu imekimbilia mbali na anayeufuata anaufuata na pikipiki inayokunywa petroli ileile.

Mleta mada kama bado una meseji za LUKU za 2016 zitupie hapa, gawanya hela kwa uniti tuone. Mimi natoka kidogo, mtungi umekata tangu juzi, nafuata kisado.