ULIZA ANKO: "Hivi punde" ni saa ngapi?

Wiki hii barua karibu zote zimelia kilio kimoja, tovuti zimegoma na mtu anasubiri bila kuambiwa anasubiri mpaka lini. Nimechukua nne.

SWALI: Shikamoo anko. Nilikua najaza maombi ya chuo kwenye steshenari moja hapa Iringa, nimefika ukurasa wa mwisho kabisa wa kuambatanisha cheti, ukurasa ukawa mweupe alafu yakaja maandishi "Samahani, tunafanya maboresho, tutarejea hivi punde". Hiyo ilikua jumatatu saa 5 asubuhi, leo alhamisi bado ni hivi punde. Kijana wa steshenari kila nikienda ananiambia kaa hapo inarudi saivi, na hela ya kukaa kwenye kompyuta analipisha. Niambie kwa masaa, hivi punde ni muda gani? (Mpwa wako, Iringa)

ANKO: Marahaba mpwa, pole sana, siku tatu sio mchezo na hasa ukiwa umebakiza cheti tu.

Hivi punde ya hapo ni ileile ya fundi cherehani anayekwambia gauni limebaki vifungo wakati kitambaa chako unakiona juu ya shelfu kimekunjwa vilevile ulivyokileta, na ni ileile ya rafiki anayesema yuko Ubungo anaingia saivi na we unasikia kabisa maji ya kuoga yanamwagika kwenye ndoo. Tunasameheana kwa sababu fundi unaweza kurudi ukamsimamia mlangoni na rafiki unaweza kumpigia tena. Tovuti huna pa kuisimamia, ndo maana neno lilelile huku linauma zaidi.

Na kinachonikera kweli ni kwamba mashine yenyewe imepewa nafasi ya kusema muda. Seva, yani kompyuta inayoibeba tovuti, ikizidiwa au ikiwa kwenye matengenezo inatakiwa ijibu kwa namba 503, maana yake nipo ila saivi siwezi kukuhudumia, na kanuni za mtandao zinairuhusu iambatanishe na muda wa kurudi, ama kwa sekunde au kwa tarehe na saa kamili. Yani nafasi ya kuandika "rudi baada ya sekunde 3600" ipo miaka yote, alafu binadamu anakaa anaandika hivi punde.

Sasa fanya hivi. Piga skrinshoti ya ujumbe huo, tarehe na saa vionekane, ziwe za siku tofauti tofauti, uwatumie chuo kwa barua pepe leo hii kabla siku ya mwisho haijapita, uwaeleze ulifika ukurasa gani. Ikirudi usianze fomu mpya, ingia kwa akaunti yako ileile kwanza maana mifumo mingi inatunza kurasa ulizokwisha kuzikamilisha. Na umwambie huyo kijana aache kubonyeza kurefreshi kila sekunde, kila bonyezo ni ombi jipya kwa seva ambayo tayari imelemewa, ni sawa na mlango wa daladala ya Mbagala saa 12 jioni, mkisukumana wote kwa pamoja hata aliyekua ashuke hashuki.

SWALI: Asalaam aleikum mjomba. Mimi natafsiri hati, nipo Unguja. Tovuti ninayotumia kutuma kazi iliandika itafungwa "02:00 hadi 04:00 UTC". Nikaweka alamu saa 8 usiku, nikaamka, nikakaa kitako mpaka saa 10 nikiwaonea huruma mafundi wao, tovuti inafunguka vizuri tu. Nikasema wamemaliza mapema, nikaanza kupakia faili, saa 11 alfajiri adhana inaadhiniwa tovuti ikapotea na faili langu. Wamenidanganya?

ANKO: Waaleikum salaam. Hawajakudanganya, ila hawakukufikiria. UTC, yani saa ya kimataifa, iko nyuma yetu masaa matatu, kwahiyo 02:00 yao kwetu ni saa 11 alfajiri na 04:00 ni saa 1 asubuhi, yani umekesha bure alafu ukaingia mlangoni wakati ndo wanafunga. Njia rahisi ya kukumbuka, chukua namba ya UTC toa 3 unapata saa yetu ya Kiswahili moja kwa moja: 10:00 UTC ni saa 7 mchana, 14:00 ni saa 11 jioni. Jibu likizidi 12 toa tena 12, hivyo 18:00 inakua saa 3 usiku. Ikikosa cha kutoa, kama hiyo 02:00, ongeza 12 kwanza. Na faili lako ulitunze kwenye kompyuta kwanza kabla ya kulipakia popote.

SWALI: Anko mambo? Nitajuaje kama tatizo ni la kwangu au la wao? Ile siku WhatsApp ilipogoma mwaka 2021 nilizima simu mara sita, nikatoa laini nikaipuliza, nikanunua bando lingine, alafu nikagombana na mdogo wangu nikidhani kabadilisha nywila ya waifai. (Kahama)

ANKO: Poa mdogo wangu, na uende ukamwombe msamaha mdogo wako hata kama imepita miaka. Ile ilikua 4 Oktoba 2021, siku ya jumatatu, ilianza kama saa 12 na dakika 40 jioni kwa saa zetu na ikachukua masaa kama sita, Facebook na Instagram nazo zililala. Wakati wa matengenezo ya kawaida ilitolewa amri ikakata mawasiliano kati ya vituo vyao vya data, na zile seva zinazoitangazia dunia anwani zao zikajitoa, kwahiyo simu yako ilikua inauliza njia na hakuna wa kuielekeza. Laini yako hata ungeipuliza mpaka asubuhi.

Kabla ya kununua bando fungua kitu kingine kisichohusiana kabisa. Kikifunguka, basi walio chini ni wao. Kama vyote vimegoma, omba simu ya mwenye mtandao tofauti ujaribu. Kama mitandao yote inajikokota kwa wakati mmoja hapo inaweza kua ni nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, kama 12 Mei 2024 zilipokatika EASSy na Seacom upande wa bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, huku Tanzania tukabaki tunaangalia kiduara kinazunguka tu. Kwa nyaya mi nawaelewa wakishindwa kutaja saa, maana lazima meli iende, itafute penye mkato, iuvute waya juu iuunge, na bahari ikichafuka kazi inasimama. Wasichoruhusiwa ni kukaa kimya.

SWALI: Habari anko. Naendesha duka la viatu vya mtumba mtandaoni, Mwanza. Tovuti yangu nimeijenga kwa WordPress, ule mfumo wa kutengenezea tovuti, na ikiwa inajisasisha inaandika haipatikani kwa muda mfupi, rudi baada ya dakika. Wateja wanakimbia. Na wanaonikodishia seva waliniahidi itakua hewani asilimia 99.9 ya muda wote, sasa mbona inalala?

ANKO: Nzuri dada. Hiyo 99.9 isikie vizuri, ile sehemu iliyobaki kwa mwaka ni kama masaa 8 na dakika 45, kwahiyo kama wanahesabu kwa mwaka, ikilala jioni moja nzima ahadi yao bado haijavunjika. Na hiyo dakika ya WordPress, ndani yake inajipa mpaka 10, ikizidi hapo inaupuuza ule ujumbe yenyewe. Zikipita 10 bado imegoma, huenda sasisho limekwama katikati, wapigie wenye seva.

Kwa wateja usitumie maneno ya mashine. Weka kwenye status yako kitu kama hiki: "Tovuti imezima tangu saa 6 mchana. Oda zilizolipwa ziko salama, nimeziandika kwenye daftari. Viatu vya leo nawatumia picha hapa hapa. Sijajua itarudi saa ngapi ila saa 9 nitawaambia tena nilipofikia." Mtu akishajua hela yake iko salama na saa 9 atasikia kutoka kwako, anaenda zake kupika. Na saa 9 ikifika andika, hata kama kitu pekee unachojua ni kwamba bado, uwape saa nyingine.