Kocha wa chuo ameshuka daraja? Mkuu, ngoja nikusimulie ya barafuni

Mkuu, nimesoma uzi wako mara mbili. Unasema mnaishi Minnesota, Marekani, kijana wako ana miaka 17 na anacheza hoki ya barafu, na juzi kocha wa chuo kimoja amekuja hadi sebuleni kwenu kumtaka. Ukamchunguza, ukakuta aliwahi kucheza NHL, ligi kubwa kabisa ya kulipwa. Sasa unauliza: mtu aliyefika kule juu anatafuta nini chuoni? Si ni dalili kwamba mambo yamemshinda?

Mimi si mchezaji. Ni mtu wa Tanga, barafu nilikuwa naijua ya kwenye glasi ya ukwaju. Ila nilifanya kazi misimu minne kwenye uwanja mmoja wa barafu kusini mwa Michigan, zamu ya usiku. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuendesha Zamboni, ile mashine inayokwangua barafu na kumwagia maji ya moto. Ndiyo, ya moto. Yanayeyusha mikwaruzo ya viatu, na yakiganda tena sakafu inatoka kama kioo.

Timu ya chuo kidogo ilikuwa inakodi uwanja wetu saa nne usiku, maana saa za maana zote zilishachukuliwa. Kocha wao alikuwa amecheza ligi za kulipwa miaka kadhaa, goti moja limekwisha, akishuka ngazi anashika ukuta. Mazoezi yakiisha, wenzake wote wakiwa bafuni, yeye anabaki na kijana mmoja, beki mrefu aliyekuwa mzito kurudi kinyumenyume. Anamnyang'anya fimbo ya kuchezea. Anaokota mipira yote (naita mipira, kumbe ni visahani vya mpira mgumu, na siku ya mechi vinagandishwa kwanza visidunde) anaitupa kwenye ndoo. Halafu anamwambia arudi nyuma, goli hadi goli, mikono kifuani. Dakika 20. Kijana akiinamisha kichwa kuangalia miguu, wanaanza upya.

Mimi niko juu ya Zamboni getini, injini inanguruma, vidole vya miguu sivisikii, nataka nimalize nikalale. Nilimchukia yule mzee. Kufikia Februari yule beki anarudi nyuma huku anapiga soga na kipa. Hapo ndipo nilipomuuliza kocha kwa nini hakutafuta kazi kwenye timu za kulipwa. Akasema kule mchezaji akikosea, unamuuza. Hapa nikimuuza nitamuuza wapi?

Kazi yenyewe ndivyo ilivyo, mkuu. Timu ya NHL inacheza mechi zaidi ya 80 kwa msimu, leo hapa, kesho kutwa mji mwingine, mazoezi yanakatwa ili watu wapumzike. Vyuo vinacheza kama nusu ya hizo, mara nyingi Ijumaa na Jumamosi. Jumatatu hadi Alhamisi kocha ana watu wake uwanjani. Anayependa kufundisha kwelikweli, chuoni ndiko anapata siku za kufundisha.

Na usidhani ni waliokosa pa kwenda. Uliza mtu yeyote wa Michigan kuhusu Red Berenson. Amezaliwa Regina, Kanada, mwaka 1939. Zama zile Mkanada aliyetaka hoki ya kulipwa alipita ligi za vijana za kwao; kwenda chuo cha Marekani kulionekana ni kujipoteza. Yeye akaenda Chuo Kikuu cha Michigan, na msimu wake wa mwisho akafunga mabao 43 katika mechi 28. Jumamosi tarehe 17 Machi 1962 alicheza mechi yake ya mwisho ya chuo mjini Utica. Kesho yake alikuwa Boston, amevaa jezi ya Montreal Canadiens, timu ya NHL. Hata begi sijui alifungua saa ngapi. Ni wa kwanza kutoka chuoni moja kwa moja hadi NHL namna ile.

Alitwaa kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, na Montreal mwaka 1965, na mwaka uliofuata, bado mchezaji, akamaliza shahada ya uzamili ya biashara palepale Michigan. Tarehe 7 Novemba 1968, akiwa timu nyingine ya NHL, St. Louis Blues, alifunga mabao sita kwenye mechi moja ugenini Philadelphia. Sita! Kwa soka letu, wazia mtu anakuja kwa Mkapa anapiga sita peke yake. Akaja kuwa kocha wa hiyohiyo St. Louis, mwaka 1981 akapewa tuzo ya kocha bora wa ligi, na msimu uliofuata akafukuzwa. Ligi ya kulipwa haina shukrani.

Mwaka 1984 akarudi Michigan kuwa kocha. Misimu mitatu ya mwanzo alipigwa mechi nyingi kuliko alizoshinda. Kule juu asingefika hata wa pili. Chuo kikamvumilia, na baadaye timu ikafuzu mashindano ya taifa miaka 22 mfululizo. Ubingwa wakachukua 1996 na 1998, fainali zote mbili 3-2 kwenye muda wa nyongeza. Aliondoka 2017, ana miaka 77.

Nilienda kumwona kwenye uwanja wao uitwao Yost, jengo la matofali la 1923 ambalo barafu liliwekewa baadaye sana. Wanafunzi wanapiga kelele utadhani Simba na Yanga. Yeye nyuma ya benchi, mikono imekunjwa, uso kama mkaguzi wa mahesabu. Nusu ya mechi nilimwangalia yeye.

Kwa hiyo cheo cha zamani cha huyo mgeni wenu kisikusumbue, wala kisikuleweshe. Wapo waliocheza sana wasiojua kufundisha hata kufunga kamba za viatu. Muulize wachezaji wake wangapi wamemaliza shahada katika miaka minne iliyopita, na akutajie walivyo sasa. Muulize pia kuhusu ushindani wa nafasi: tangu Agosti 2025 vijana waliocheza ligi kubwa za vijana za Kanada wanaruhusiwa kucheza daraja la kwanza la vyuo, zamani walizuiwa, kwa hiyo wa miaka 18 atakutana na wanaume wa 20 na 21 waliokwishakomaa.

Halafu mwombe uende mazoezini, si kwenye mechi. Nenda Jumanne. Vaa soksi mbili, kaa karibu na geti la Zamboni, na usiondoke filimbi ya mwisho ikilia. Angalia nani anabaki barafuni.