Jibu: Simu mpya ya OLED inaumiza macho usiku

Pole sana, ndugu yangu. Umeuliza kwa nini simu ya OLED (skrini ambayo kila nukta hujiwakia yenyewe) inakuumiza macho na kichwa usiku, ilhali ile ya zamani ya LCD (skrini inayomulikwa na taa ya nyuma) haikuwa na shida. Mimi naishuku namna mwanga unavyopunguzwa. Skrini nyingi za OLED, ukishusha mwangaza, huzima na kuwaka haraka haraka, kwenye baadhi ya simu mara 240 hivi kwa sekunde. Jicho halikuoni kumetameta huko, ila baadhi yetu kunatuumiza kichwa. Kadiri unavyoshusha mwangaza ndivyo vipindi vya giza vinavyorefuka, na usiku ndipo wengi tunaposhusha mno.

Jipime: elekeza kamera ya simu nyingine kwenye skrini hiyo ikiwa na mwanga hafifu. Ukiona mistari myeusi inatembea, ndiyo hiyo. Basi acha mwangaza juu kidogo, washa taa chumbani, kisha tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kupunguza kumetameta; baadhi ya simu zinayo.

Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu usiikimbilie. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani, AAO, hakiipendekezi. Kinachokausha macho zaidi ni kusahau kupepesa tunapokodolea skrini. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi, kwa sekunde 20.

Kichwa kikiendelea kuuma hata ukiiweka simu kando, nenda ukapimwe macho, tafadhali.