Jibu: Namba za marejeo zimevurugika, mhariri karudisha mswada

Habari ndugu. Nimekuelewa: ulihamisha aya za mjadala, sasa namba zinaruka kutoka 4 hadi 11, na mhariri anataka mtindo wa Vancouver, yaani marejeo yapewe namba kwa mpangilio yanavyotajwa kwenye maandishi.

Kabla hujagusa orodha ya marejeo, angalia majedwali. Rejeo lililomo ndani ya jedwali tu hupewa namba kufuatana na pale jedwali linapotajwa mara ya kwanza kwenye maandishi, si pale lilipobandikwa mwishoni mwa mswada. Miswada mingi ninayosaidia kupitia hunasa hapo hapo.

Kama namba uliziandika kwa mkono, usihangaike kuzirekebisha moja moja. Ingiza marejeo yote kwenye Zotero, programu ya kupanga marejeo, ni bure, uchague Vancouver, kisha uyachomeke upya kwenye maandishi kupitia Zotero badala ya namba za mkono. Ukihamisha aya, namba zinajipanga upya zenyewe. Ila programu haisafishi taarifa mbovu, kwa hiyo pitia kila rejeo kwa macho: waandishi wakizidi sita, taja sita wa kwanza ndipo et al. (yaani "na wengine"), jina la jarida kwa kifupisho cha katalogi ya NLM, maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani (mfano N Engl J Med, bila nukta), kurasa 284-7 badala ya 284-287.

Hujasema ni jarida gani, kwa hiyo suala la namba kukaa juu ya mstari au kwenye mabano lithibitishe kwenye makala zao za karibuni. Ukikwama, bandika hapa rejeo moja lilivyo tulitazame.