Hesabu Mipigo Yako Kabla ya Kununua Fimbo Nyingine

Uwanja wa Mombasa Golf Club, ulioanzishwa mwaka 1911, una mashimo 9 tu, na anayetaka kukamilisha 18 huuzunguka mara mbili. Uko kando ya Barabara ya Mama Ngina, juu ya miamba inayotazama mlango wa bandari ya Kilindini, hivyo mchezaji hupiga mpira huku meli zikipita karibu na upepo wa bahari ukimvumia usoni. Nilianza kucheza hapo nikiwa na umri wa miaka 41, bila kuwahi kushika fimbo ya gofu utotoni, na kwa miaka miwili ya kwanza niliamini kwamba tatizo langu ni vifaa. Naandika haya kwa ajili ya aliye katika hatua ile niliyokuwa nayo, kwa sababu fedha na jioni nilizopoteza zingeweza kuokolewa na daftari moja dogo.

Daftari hilo nilishauriwa kulianza na mzee mmoja wa Likoni aliyekuwa kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji, kwa miaka mingi. Siku moja, baada ya kunisikiliza nikieleza habari za draiva mpya, ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa mbali, niliyokuwa nikiitamani, aliniuliza, "Mwanangu, katika mipigo yako ya leo, ni mingapi uliyopiga kwa draiva?" Sikuwa na jibu. Alinitaka niandike kila mpigo, fimbo niliyotumia na matokeo yake, kwa raundi 10, kisha tuzungumze.

Wastani wangu katika raundi hizo ulikuwa mipigo 104. Mipigo ipatayo 40 ilikuwa ya kusukuma mpira juu ya grini, yaani nyasi fupi sana zinazozunguka shimo, zaidi ya 20 niliipiga nikiwa ndani ya hatua 50 kutoka kwenye grini, na 7 ilikuwa ya adhabu. Draiva haikuzidi mipigo 14. Nilipoyaona hayo kwa mwandiko wangu mwenyewe nilielewa kwamba hata kama fimbo mpya ingeniongezea hatua 15 za umbali, sehemu kubwa ya mchezo wangu ingebaki vilevile. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuandika kabla ya kurekebisha chochote, kwa kuwa hesabu ya mtu mwingine haitakuonyesha mahali mipigo yako inapopotelea.

Jambo lililofuata lilikuwa mpira wangu kupinda kulia, ugonjwa wa wachezaji wengi wanaotumia mkono wa kulia. Kwa muda mrefu niliutibu kwa kulenga kushoto zaidi, na kadiri nilivyolenga kushoto ndivyo mpira ulivyozidi kupinda. Sababu yake ni ya kimaumbile na inafaa ieleweke vizuri. Uso wa fimbo wakati wa kugusa mpira ndio unaoamua, kwa sehemu kubwa, mpira uanzie kuelekea wapi. Tofauti iliyopo kati ya mwelekeo wa uso huo na njia ambayo kichwa cha fimbo kinapita ndiyo inayoupinda. Uso ukitazama kulia zaidi ya njia hiyo, mpira hupinda kulia. Nilipolenga kushoto nilikuwa nikiipeleka njia ya fimbo kushoto huku uso ukibaki ulipokuwa, na hivyo nilikuwa nikiipanua tofauti ileile niliyotaka kuiondoa.

Hapa Mombasa upepo haukuachii kosa hilo ulifiche. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, upepo wa kusi huvuma kutoka baharini, na mpira unaopigwa kuukabili hupita katika hewa inayokuja kwa kasi zaidi, kwa hiyo kujizungusha kwake huwa na nguvu kubwa zaidi ya kuupinda na kuuinua. Mpira ambao siku tulivu ungepinda hatua 10 unaweza kuishia kwenye vichaka. Ukipiga upepo ukiwa mgongoni, kupinda kunapungua, na mchezaji hujidanganya kwamba amepona. Mimi humshauri mtu aujaribu mzunguko wake wa fimbo akiukabili upepo, kwa maana huko ndiko kosa linakoonekana waziwazi.

Dawa yangu ilianzia mikononi. Nilikuwa nikiishika fimbo kwa mkono wa kushoto uliogeukia chini mno, hivi kwamba nikitazama chini niliona fundo moja tu la vidole. Niliugeuza mkono kidogo kuelekea kulia hadi nikaona mafundo mawili na nusu, na ile pembe inayofanywa na kidole gumba na kidole cha shahada ikaelekea bega langu la kulia. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini kwa wiki 3 nilihisi kama nimeshika chombo cha mtu mwingine, na jioni nyingi nilitamani kurudi kwenye mshiko wa zamani. Nawasihi wanaoanza wavumilie kipindi hicho, kwa sababu mwili huchukulia jambo jipya kuwa kosa hata linapokuwa sahihi.

Nilifanya mazoezi kwa nusu mzunguko, fimbo ikiinuka hadi usawa wa kiuno na kuishia usawa wa kiuno upande wa pili, kwa chuma namba 8, fimbo ya umbali wa kati, mipira 50 kila Jumanne jioni. Kabla ya kupiga nilinyunyiza poda kidogo, ileile ya dukani ya kupaka mwilini, juu ya uso wa fimbo, na alama iliyobaki ilinionyesha mpira ulipogusa. Nilishangaa kuona kwamba nilikuwa nikiugusa karibu na ncha ya kichwa cha fimbo mara nyingi kuliko katikati. Kupotea kwa umbali, ambako nilikuwa nikiulaumia ufito wa fimbo, kulitokana na hilo, nami nikasogea karibu na mpira kwa upana wa vidole viwili. Simu nayo inasaidia ukiiweka nyuma yako, usawa wa mikono, sambamba na mstari unaolenga; ikiwekwa pembeni kiholela itakuonyesha njia ya fimbo isiyo ya kweli.

Ule mpira wa chini unaohitajika wakati wa kusi nilifundishwa na mzee yuleyule. Alinikataza kabisa kuongeza nguvu. "Upepo huu hushindani nao, bwana mdogo," aliniambia, "pita chini yake." Mpira ukipigwa kwa nguvu zaidi huzunguka zaidi, na ukizunguka zaidi hupanda juu, nako juu ndiko upepo unakouzuia. Kwa hiyo pale ambapo ningetumia chuma namba 8 nachukua namba 6, inayoupeleka mpira chini na mbali zaidi, nashika chini kidogo kwenye mpini, nauweka mpira nyuma ya mahali pake pa kawaida kwa upana wa mpira mmoja, kisha napiga taratibu na kuumaliza mzunguko mikono ikiwa usawa wa kifua. Mpigo huu pekee umeniokolea zaidi ya kifaa chochote nilichonunua.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Seti yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imetumika, na uso wa draiva yake ulikuwa na mwinamo wa nyuzi 9 na ufito wake ulikuwa mgumu, vitu vinavyomfaa mtu anayezungusha fimbo kwa kasi kubwa. Mimi sina kasi hiyo, na wengi wanaoanza baada ya miaka 40 hawana pia. Mwinamo wa nyuzi 12 na ufito laini zaidi huupandisha mpira bila kulazimisha, na uso uliolala zaidi hupunguza hata kule kupinda. Badala ya chuma namba 3 na namba 4, ambazo huhitaji ustadi mkubwa, chukua fimbo mseto zenye kichwa kinene. Mipira ya bei ghali yenye ganda laini hufaa anayejua kuusimamisha mpira juu ya grini. Anayepoteza mipira 4 kwa raundi kwenye miamba anunue ile ya bei nafuu ya vipande viwili, yaani kiini na ganda tu.

Kuna jambo la pwani ambalo vitabu vya nchi baridi havilisisitizi. Hewa ya chumvi hushambulia chuma, na jasho hulainisha mpini hadi fimbo iteleze mkononi. Mimi hufuta kila fimbo kwa kitambaa chenye maji baridi kisha kikavu kabla ya kuifungia mfuko, huosha mipini kwa sabuni mara moja kwa wiki, na hubeba glavu 2, moja ikikauka juu ya mfuko wakati nyingine inatumika. Mpini unaoteleza hukufanya ukaze mikono bila kujua, na mikono iliyokazwa huuacha uso wa fimbo ukitazama kulia. Hivyo mtu anaweza kurudi kwenye ugonjwa ule wa kupinda kulia kwa sababu tu mipini yake ni michafu.

Sasa nifikie ile mipigo 7 ya adhabu, ambayo naiona kuwa sehemu iliyopuuzwa kuliko zote. Sheria za gofu hutungwa kwa pamoja na The R&A, taasisi yenye makao Uskoti, na USGA, chama cha gofu cha Marekani; zilifanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2019 na kurekebishwa tena mwaka 2023, na bado uwanjani utasikia watu wakizitaja sheria za zamani kwa uhakika mkubwa. Muda wa kutafuta mpira ni dakika 3, wala si 5 tena. Mpira unaoachiwa chini huachiwa kutoka usawa wa goti, si bega. Bendera inaweza kubaki shimoni unaposukuma mpira juu ya grini.

Adhabu yangu iliyoniuma zaidi ilitokea katika mashindano ya klabu. Siku moja kabla, nilikuwa nimejaribu weji, fimbo ya mipigo mifupi, ya rafiki yangu na kuisahau ndani ya mfuko, nikaanza raundi nikiwa na fimbo 15 badala ya 14 zinazoruhusiwa. Niligundua nikiwa shimo la tatu. Katika mchezo wa kuhesabu mipigo adhabu ni mipigo 2 kwa kila shimo ambalo kosa lilikuwepo, isiyozidi 4 kwa raundi, nami nikaandikiwa yote 4. Tangu siku hiyo nazihesabu fimbo zangu mara mbili, nyumbani na tena kabla ya mpigo wa kwanza.

Kisa kingine kilihusu kunguru, ndege ambao hapa Mombasa hawana haya. Mmoja alitua karibu na mpira wangu uliokuwa umetulia kwenye nyasi fupi, akauchukua na kuruka nao. Niliyekuwa nikicheza naye aliniambia kwamba mpira umepotea, nikarudi nilikopigia na kujiongezea mpigo wa adhabu. Sikuvunja sheria, kwa kuwa mchezaji anaruhusiwa kurudi hivyo wakati wowote, lakini nilijinyima haki yangu. Mnyama au ndege akiusogeza mpira uliotulia, na hilo likajulikana kwa hakika, mchezaji huweka mpira mahali ulipokuwa, hata akitumia mwingine, bila adhabu. Kama hakuna aliyemwona kunguru na hakuna dalili ya hakika, hapo ndipo mpira huhesabiwa umepotea.

Ukishuku kwamba mpira wako umetoka nje ya mipaka, au umepotea mahali pasipo eneo la adhabu, piga mpira wa muda, yaani wa akiba endapo wa kwanza hautapatikana, kabla ya kwenda kuutafuta, na useme kwa sauti kwamba unapiga mpira wa muda. Ukinyamaza, ule wa pili ndio unaokuwa mpira wako halali pamoja na adhabu yake, hata kama wa kwanza umelala salama. Mpira ukikwama kwenye mizizi ya mbuyu au kati ya mawe ya matumbawe, usione aibu kutangaza kwamba hauchezeki. Kwa mpigo 1 wa adhabu unaweza kurudi ulikopigia, au kuuachia ndani ya urefu wa fimbo mbili bila kukaribia shimo, au kurudi nyuma kwenye mstari unaotoka shimoni ukipitia ulipo mpira. Nimewahi kuona watu wakipiga jiwe na kuumiza vifundo vya mikono kwa kuukwepa mpigo huo mmoja. Tena soma nyuma ya kadi ya uwanja unaoucheza, kwa sababu kanuni za mahali ndizo zinazoeleza mipaka iko wapi na maeneo ya adhabu ni yapi.

Usisubiri uwe hodari ndipo uombe handikapu, ile namba ya mipigo unayopunguziwa kulingana na uwezo wako. Chini ya mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020, kadi za mashimo 54 zinatosha kukuanzisha, nazo zinaweza kukusanywa kwa raundi za mashimo 9, jambo linalotufaa sana sisi wa uwanja mfupi. Kiwango cha juu ni 54.0, kwa hiyo hakuna mwanzilishi asiye na nafasi yake. Ukishakuwa na kadi 20, huhesabiwa 8 zilizo bora, na kwa sababu hiyo siku mbaya haikuangamizi. Irudishe kadi ya siku hiyo mbaya pia, ikiwa na kila mpigo wa adhabu.

Mimi nilianza na 31 na sasa niko 19. Draiva ni ileile niliyobadilisha mara moja, na daftari ni la nne. Katika raundi 10 za mwisho adhabu zimeshuka hadi 2, lakini mipigo ya juu ya grini bado ni 36, kwa hiyo Jumanne zangu za msimu huu wa kusi nazitumia kusukuma mpira kutoka hatua 3, mara 50, kabla ya kugusa fimbo nyingine yoyote.