Odin: jicho, kunguru na Valhalla, majibu ya maswali yenu

Tangu niguse stori za miungu ya kale ya Skandinavia maswali hayaishi, na mengi yanamhusu mzee mmoja tu, Odin. Basi leo ni yeye mwanzo mwisho.

Swali: Loki si mtoto wa kulea wa Odin? Na Hela je, si binti yake?

Hapana, hiyo ni ya muvi za Marvel. Kwenye mashairi ya kale Odin na Loki, yule mungu mjanja mlaghai, walichanganya damu, yaani ni ndugu wa kuchanjiana, na huyo binti anaitwa Hel, baba yake ni Loki, mama yake ni jitu la kike Angrboda. Mtoto wa Odin wa kweli ni Thor, na Baldr pia aliyezaliwa na Frigg, mke wa Odin. Halafu huyohuyo Loki aliwahi kujigeuza farasi jike akamzaa Sleipnir, yule farasi wa miguu minane anayepandwa na Odin.

Swali: Jicho moja lilipotelea vitani?

Wala, alilitoa mwenyewe kwa hiari yake. Chini ya mzizi mmoja wa Yggdrasil, ule mti mkubwa unaobeba dunia zote, kuna kisima cha Mimir na maji yake ni hekima tupu, Odin akaomba anywe japo kidogo, akaambiwa hakuna cha bure, weka jicho. Akaweka. Na hakuishia hapo maana alitaka pia siri ya runi, zile herufi zenye nguvu, kwa hiyo akajitundika mtini usiku tisa mzima, kachomwa mkuki, hakuna wa kumpa mkate wala kinywaji, na shairi linasema alijitoa sadaka yeye kwa yeye mwenyewe.

Mimi hapa ndo nilipompendea huyu mungu. Hajui kila kitu, anatafuta, na kila anachokipata amekilipia kwa mwili wake. Hata wale kunguru wake wawili, Huginn ambaye ni fikra na Muninn ambaye ni kumbukumbu, kila siku anawatuma wazunguke dunia wamletee habari, na anakiri kabisa kwamba anaogopa Huginn asije akapotea, ila anamhofia Muninn zaidi. Mungu mkuu jamani, anaogopa kupoteza kumbukumbu!

Swali: Valhalla ndo pepo ya Waviking wote?

Sio wote. Ni waliouawa vitani, na hata hao Odin anapata nusu tu, nusu nyingine inaenda kwa mungu wa kike Freyja. Ukifa kwa ugonjwa kitandani, Snorri, mwandishi wa Iceland wa karne ya 13, anasema safari yako ni kwa Hel, yule binti wa Loki. Na Valhalla yenyewe sio sehemu ya kupumzika, ni kambi ya jeshi: wanapigana kutwa, jioni wanarudi wakiwa wazima, wanakula nyama ya nguruwe Sæhrímnir ambaye anapikwa leo na kesho yuko hai tena, wanakunywa pombe inayotoka kwenye chuchu za mbuzi Heidrun. Odin anakaa nao ila hagusi chakula, sehemu yake anawapa mbwa mwitu wake wawili, yeye ni divai tu. Shairi linataja milango 540, na siku ya mwisho kila mlango utatoa mashujaa 800 kwa mpigo.

Siku hiyo ndo Ragnarök, na Odin anajua kabisa atamezwa na mbwa mwitu Fenrir. Anajua, na bado anakusanya jeshi. Ndo maana anawaangusha watu wake mwenyewe vitani. Mfalme Erik Shoka la Damu alipouawa Uingereza mwaka 954 likatungwa shairi la kumsifu, na humo Odin anaulizwa kwa nini ulimnyima ushindi wakati unajua ni shujaa, naye anajibu kwamba mbwa mwitu wa kijivu anayatazama makao ya miungu. Maana yake nawahitaji walio bora huku, na nawahitaji sasa.

Swali: Kofia yake ina mapembe?

Haina. Akitembea duniani anavaa kofia pana na joho la bluu.

Swali: Haya yote tumeyajuaje, sio ya kutungwa juzi?

Iceland iliingia Ukristo mwaka 1000 hivi, lakini mashairi yakabaki vichwani mwa watu. Karibu mwaka 1220 Snorri Sturluson, Mkristo na mwanasiasa mkubwa, aliyapanga akaeleza stori zake, na kitabu cha ngozi cha kama 1270 kikahifadhi mashairi yenyewe. Kitabu hicho kilikaa Denmark miaka zaidi ya 300, kikarudishwa Iceland 1971. Jina la Odin lenyewe ni la zamani zaidi, mwaka 2020 ilichimbuliwa dhahabu kule Vindelev, Denmark, na kidani kimoja cha karne ya 5 kimeandikwa kwa runi "yeye ni mtu wa Odin".

Swali: Yupo anayemwabudu hadi leo?

Wapo. Iceland walianzisha jumuiya yao 1972, serikali ikaitambua 1973.

Swali: Mtu anawezaje kumtegemea mungu anayewasaliti watu wake?

Swali zuri kuliko yote, na ngoja nilijibu kwa Egill Skallagrímsson, mshairi wa Iceland wa karne ya 10. Mwanawe Bödvar alizama baharini, na mwingine alishakufa kabla. Egill akamzika Bödvar, akajifungia kitandani, hali hanywi, anasubiri kufa. Binti yake Thorgerd akaja akasema baba fungua, na mimi nitakufa na wewe, akalala pembeni, akaanza kutafuna mwani, akidai unaharakisha kifo. Egill akaomba na yeye atafune, kiu ikamshika, wakaletewa pembe ya kunywea akapiga funda kubwa, kumbe maziwa! Akang'ata pembe kwa hasira. Thorgerd akamwambia sasa mpango wa kufa tumeshauharibu, basi tunga kwanza shairi la mwanao.

Kwenye shairi hilo Egill anasema wazi kwamba hamtolei Odin sadaka kwa moyo mkunjufu, kavunja urafiki. Lakini anakiri pia kwamba Odin kamlipa fidia: kipaji cha ushairi kisicho na doa. Malalamiko na shukrani vyote humohumo, hakuna kilichofuta kingine, na mimi naona hiyo ndo imani yao ilivyokuwa, unamjua mungu wako vizuri na unamwambia usoni. Kadiri alivyotunga nguvu zikamrudia, alipomaliza akatoka kitandani, akawaghania watu wa nyumbani, akafanya matanga ya wanawe kwa desturi ya zamani.