Jibu: Mstari wa nne kwenye faili la FASTQ

Mkuu, umeuliza kama ule mstari wa nne wa kila kipande kwenye faili la FASTQ (faili la maandishi lenye herufi za DNA zilizosomwa na mashine), uliojaa alama za I, ? na #, ni uchafu wa kufuta. Usiuguse! Hizo ni alama za ubora, moja kwa kila herufi ya DNA iliyo mstari wa pili. Chukua namba ya ASCII ya alama (namba ambayo kompyuta huipa kila alama), toa 33; kinachobaki ndicho kiwango cha ubora. I ni 73, inabaki 40: uwezekano wa herufi hiyo kusomwa vibaya ni 1 kati ya 10,000. Alama ya ? inatoa 30, yaani 1 kati ya 1,000. Ukikuta # (2 tu), hapo mashine imebahatisha. Kwa mashine za Illumina, zinazosoma vipande vifupi vya DNA, ubora hushuka kuelekea mwisho wa kipande, kwa hiyo anza na FastQC (programu ya kukagua ubora), kata mikia mibovu, ndipo ulinganishe na jenomu rejea (DNA nzima ya kiumbe iliyokwishasomwa, inayotumika kama kipimo).

Kuhusu mashine ya kusomea DNA: kama ni jeni moja, mbinu ya Sanger ya tangu 1977 inatosha kabisa. Jenomu nzima ya bakteria, Illumina. Nanopore, aina nyingine ya mashine, husoma vipande vya maelfu ya herufi, inasaidia penye DNA inayojirudia mara nyingi, ila makosa yake huwa mengi zaidi.

Matokeo usiyafungulie Excel. Jina la jeni kama SEPT2 (jina la zamani la SEPTIN2) huligeuza tarehe.